Msomaji wa Picha ni wa Hospitali Ipi?

Mgonjwa anayepelekwa CT scan hukutana na watu wengi. Yupo daktari aliyejaza fomu ya kipimo, karani wa dirisha la malipo, muuguzi anayemtafutia mshipa, na mteknolojia wa mionzi anayemlaza juu ya mashine na kumwambia abane pumzi. Asiyemwona ni yule atakayeamua kama kivuli kilichopo kwenye pafu la kulia ni uvimbe, au ni kovu la kifua kikuu cha miaka ya nyuma. Huyo ni daktari bingwa wa radiolojia, na ukimuulizia dirishani unaweza kujibiwa kwamba yupo, ila leo siyo siku yake.

Hiyo "siku yake" ndiyo ninayotaka kuichambua. Asubuhi bingwa yuko hospitali ya umma, alasiri yuko kituo cha picha cha mtu binafsi, Jumamosi yuko hospitali ya misheni mji wa jirani, na usiku amekaa nyumbani mbele ya kompyuta akisoma picha za hospitali ambayo hajawahi kuikanyaga. Kuna wanaoiita hali hiyo tamaa, na kuna wanaoiita kujitolea. Mimi naona pande zote mbili zinabishania la pembeni. Mgonjwa hadhuriki kwa sababu msomaji wa picha yake anahudumia hospitali nne. Hudhurika ripoti inapokosa mwenyewe.

Tuwatenganishe kwanza watu wawili ambao wagonjwa wengi huwachanganya. Anayepiga picha ni mteknolojia wa mionzi, au radiografa kama wanavyomwita Kenya. Kazi yake ni kupata picha safi kwa mionzi michache kadiri inavyowezekana. Anayeisoma ni daktari aliyemaliza shahada ya udaktari, akafanya mwaka wa mafunzo kazini, kisha akarudi chuoni miaka mitatu au minne kusomea ubingwa. Tangu kidato cha sita hadi siku anaposaini ripoti peke yake, takriban miaka kumi imekwisha. Ndiyo maana ni wachache. Ripoti ya kitaalamu iliyochapishwa mwaka 2015 kuhusu Rwanda ilihesabu mabingwa 11 kwa watu milioni 12. Tanzania nayo haikuwa na mafunzo yoyote ya radiolojia ya tiba, ile ya kuingiza sindano na mirija mwilini kwa kuongozwa na picha ili kutoa usaha kwenye ini au kufungua njia ya nyongo iliyoziba, mpaka Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, kilipoanza kuyatoa mwaka 2019 kwa ushirikiano na madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale.

Watu wakiwa wachache kiasi hicho, kugawana hakuepukiki. Hospitali ya mkoa inaweza kuwa na CT chache kwa siku, zisizotosha kumshughulisha bingwa kutwa nzima, lakini mgonjwa mmoja tu aliyegongwa na bodaboda akapasuka kichwa anatosha kuonyesha kwamba bingwa anahitajika. Hospitali ya rufaa, kwa upande wake, ina foleni isiyokwisha, na CT moja ya kifua na tumbo ina picha mia kadhaa za kupitia moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mtu yule yule hutakiwa huku kwa saa chache na kule kwa siku nzima.

Kuna tofauti moja kati yake na daktari wa upasuaji ambayo haizungumzwi sana. Daktari wa upasuaji ana wagonjwa wake. Akihama hospitali, wanamfuata, na hospitali binafsi humbembeleza kwa sababu anakuja na wateja. Bingwa wa radiolojia hana mgonjwa anayemjua kwa jina. Kazi yote huletewa na madaktari wengine, na mashine anayoitegemea ni mali ya mtu mwingine. Riziki yake inakaa kwenye mkataba, na mwenye mashine ndiye mwenye sauti kwenye mkataba huo. Kwa sababu hiyo, swali la bingwa huyu anahudumu hospitali zipi lina uzito zaidi kuliko lingekuwa nao kwa daktari mwenye wagonjwa wake: linaonyesha nani anampa kazi, nani anamlipa, na nani anaweza kumharakisha.

Historia ya jambo hili kwetu ina njia mbili zilizoelekea pande tofauti. Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi, mojawapo likiwa kutopokea mishahara miwili, na sharti hilo liliwagusa pia watumishi wa serikali wa ngazi ya kati na ya juu. Miaka 10 baadaye, sheria ya mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za biashara. Zikabaki za serikali na za mashirika ya dini. Daktari bingwa wa wakati huo alikuwa na mwajiri mmoja, na kama mshahara haukutosha, alifuga kuku au aliondoka nchini. Kenya ilichagua njia nyingine. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 iliwafungulia watumishi wa umma mlango wa kufanya biashara zao wakiwa kazini serikalini, na madaktari walikuwa miongoni mwa walioupita mlango huo mapema. Tanzania iliufungua wake mwaka 1991: Azimio la Zanzibar lililegeza masharti ya uongozi, na mwaka huo huo sheria ya hospitali binafsi ikarekebishwa. Anayemlaumu bingwa wa leo kwa kuwa na kazi mbili akumbuke kwamba nchi zote mbili ziliamua hivyo kwa makusudi, kwa maandishi, kwa sababu hazikuwa na fedha za kumlipa akatulia mahali pamoja.

Tena zipo kazi mbili ambazo hata hazihesabiwi kuwa mbili. Mhadhiri wa radiolojia wa MUHAS ameajiriwa na chuo, lakini wagonjwa anaowafundishia wako Hospitali ya Taifa Muhimbili, taasisi yenye bodi yake na bajeti yake. Nairobi ni hivyo hivyo kati ya Chuo Kikuu cha Nairobi na Hospitali ya Kenyatta. KCMC ya Moshi na Bugando ya Mwanza zinamilikiwa na makanisa, lakini sehemu kubwa ya wafanyakazi wao hulipwa na serikali. Ukimuuliza bingwa wa pale ni wa nani, atakuwa na haki ya kukutajia kanisa, wizara na chuo kwa pamoja, na yote yatakuwa kweli. Mpangilio huu umedumu miaka mingi bila kelele kwa sababu umeandikwa: inajulikana siku za kufundisha, siku za zamu, na nani anawajibika wodini.

Kelele huanza alasiri. Mshahara wa umma hulipwa kwa mwezi, uwe umesoma picha 10 au 400. Kituo binafsi hulipa kwa ripoti. Malipo ya aina hiyo hayana dhambi, lakini yana mvuto wake, na mvuto huo ni kasi. Msomaji anayelipwa kwa ripoti hana faida ya kumpigia simu daktari aliyeandika fomu kumuuliza mgonjwa ana homa tangu lini, wala ya kutafuta picha ya mwaka juzi ailinganishe na ya leo. Upande wa pili, anayelipwa mshahara pekee hana kinachomsukuma kumaliza foleni kabla ya saa tisa na nusu. Kila mfumo una ugonjwa wake, na bingwa wetu anaishi katika yote miwili ndani ya siku moja.

Muhimbili ilijaribu kulipunguza tatizo hili kwa kuruhusu huduma binafsi ndani ya uzio wake wenyewe, ili bingwa anayetaka kipato cha ziada asilazimike kuvuka jiji. Mpango huo ninauunga mkono kwa sababu ya kijinga kabisa: foleni za Dar es Salaam. Daktari aliyekwama barabarani kati ya hospitali mbili hahudumii hata moja. Hata hivyo una hatari yake, kwamba mashine moja huwa na milango miwili, na mlango wenye fedha hufunguka haraka. Kuulinda kunahitaji kitu kimoja kinachopimika, nacho ni muda ambao mgonjwa wa dharura asiye na fedha anasubiri kabla ya kichwa chake kupigwa CT na kusomwa. Muda huo ukirefuka, huduma ya kulipia imekula ya umma, haidhuru hesabu za mapato zinasema nini.

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na wapinzani wa kazi mbili hupenda kuikumbusha methali hiyo. Kwenye radiolojia ina jibu la ajabu kidogo. Mwaka 1956 Allan Cormack alikuwa mhadhiri wa fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwanafizikia wa hospitali ya Groote Schuur aliacha kazi, na sheria ya Afrika Kusini ilitaka isotopu za mionzi zisimamiwe na mtu mwenye sifa, basi Cormack akaombwa awe anakwenda hospitalini siku moja na nusu kwa wiki. Huko aliona madaktari wakipanga tiba ya mionzi bila kujua kila sehemu ya mwili hufyonza kiasi gani, akaanza kutafuta hesabu ya kulijua hilo kwa vipimo vinavyochukuliwa nje ya mwili. Aliichapisha mwaka 1963 na 1964, na wachache mno waliijali. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeunda mashine ya CT iliyopiga mgonjwa wa kwanza jijini London mwezi Oktoba 1971. Simulizi hii haithibitishi kwamba kila kazi ya pili huzaa Nobel. Ila tazama ilivyopangwa: pengo lilijulikana, siku zilijulikana, sheria ilijulikana, na chuo kilichomwajiri kilikuwa na habari.

Sisi mara nyingi tumeanza na mashine, msomaji tukamfikiria baadaye. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukodi vifaa vya hospitali, hospitali mbili kwa kila kaunti na nne za taifa, jumla 98, huku vifaa vya radiolojia vikitolewa na kampuni ya General Electric. Kuna hospitali zilizofaidika sana. Lakini Seneti ilipouchunguza mpango huo, malalamiko yaliyojitokeza yalijumuisha vifaa vilivyokaa bila kutumika kwa kukosa wataalamu, umeme au vyumba. Tanzania, kwa sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, wa mwaka 2021 wa takriban shilingi trilioni 1.3, ilipeleka CT scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa. Nimefurahi kama kila mtu. Mgonjwa wa kiharusi wa Katavi au Lindi hakustahili kusafirishwa siku nzima ili apigwe picha. Ila mashine huzinduliwa kwa utepe na mkasi siku moja, ilhali msomaji huandaliwa kwa miaka kumi, na hakuna mwanasiasa atakayesubiri miaka kumi ili akate utepe.

Ndipo likaja jibu la kusoma kwa mbali. Picha za kidijitali husafiri kwa intaneti, na bingwa aliyeko Dar es Salaam husoma kichwa kilichopigwa mkoani; Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ilifanywa mojawapo ya vituo vya kupokea picha za namna hiyo. Marekani walitutangulia, na uzoefu wao una mafunzo mawili.

La kwanza linahusu usiku. Mwaka 2001 huko Idaho ilianzishwa kampuni ya NightHawk, iliyowaweka madaktari wa Kimarekani Sydney, ambako ni mchana wakati Marekani imelala. Picha ya ajali ya saa nane usiku ikawa inasomwa na daktari aliyekwisha kunywa chai ya asubuhi. Lakini Medicare, bima ya serikali kwa wazee, hailipii usomaji uliofanyika nje ya nchi. Kwa hiyo ripoti ya Sydney ilibaki kuwa ya awali, na kulipokucha bingwa wa hospitali husika aliisoma picha upya na kutia saini ya mwisho. Kanuni ya malipo, bila kukusudia, ikalinda kitu chenye thamani: ripoti ya mwisho ilikuwa na mtu anayepatikana.

La pili linahusu bili. Marekani bingwa wa radiolojia mara nyingi si mwajiriwa wa hospitali. Yeye na wenzake wana kampuni yao, kampuni ina mikataba na hospitali kadhaa, na kila hospitali humpitisha kwenye kamati yake kabla ya kumruhusu kusoma. Mgonjwa hakuyajua hayo. Aliingia hospitali inayokubali bima yake, akatibiwa, akarudi nyumbani, baadaye akapokea bili ya msomaji wa picha ambaye kampuni yake haikuwa na mkataba na bima hiyo. Ilibidi Bunge lao litunge sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza kutumika Januari 2022. Bima zetu za Afrika Mashariki zinapoanza kulipia usomaji wa mbali, heri zilijue hili mapema.

Umbali wenyewe nao una gharama isiyoonekana kwenye mkataba. Mwaka 2013 watafiti wa Boston walichapisha jaribio lililowafanya madaktari wengi wacheke kwa aibu. Waliwapa mabingwa 24 wa radiolojia CT za mapafu watafute vinundu, na ndani yake wakapachika picha ya sokwe, kubwa mara nyingi kuliko kinundu. Mabingwa 20 hawakumwona. Hawakuwa wazembe, macho yaliona kile akili ilichotumwa kukitafuta. Sasa fikiria fomu ya kipimo iliyoandikwa "maumivu ya tumbo" na hakuna kingine. Bingwa aliye jengo moja na wodi atainua simu, au atamkuta daktari mwenzake mgahawani amuulize. Aliye kilomita 900 mbali, mwenye picha 50 mbele yake, atasoma alichotumiwa. Ndiyo maana siamini kwamba kusoma kwa mbali kunaweza kuziba nafasi ya bingwa wa mahali pale moja kwa moja. Kunamsaidia, kunampumzisha usiku, kunampa maoni ya pili. Kusipounganishwa na simu ya wodini, ni nusu ya kazi.

Na tusijidanganye kwamba usomaji wa mbali wa kwetu wote unapita kwenye mifumo rasmi. Daktari wa wilayani anaweka filamu dirishani, anaipiga picha kwa simu, anaituma WhatsApp kwa bingwa anayemfahamu. Jibu linakuja baada ya dakika tano: "Hiyo ni pneumothorax," yaani hewa iliyoingia kati ya pafu na ukuta wa kifua, "weka mrija." Mgonjwa anapona. Huduma hiyo haina malipo, haina kumbukumbu, na bingwa aliyejibu hana uhusiano wowote wa kiofisi na hospitali hiyo. Nisingependa ipigwe marufuku, maana atakayekufa ni mgonjwa. Lakini Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, na Tanzania imetunga yake mwaka 2022, na picha ya kifua yenye jina la mgonjwa pembeni ni taarifa binafsi. Wizara zikitoa njia rahisi kama WhatsApp, yenye kumbukumbu, madaktari wataihamia wenyewe.

Programu za kompyuta zinazosoma picha nitazigusa kidogo tu, kwa sababu habari zake zimevuka kazi zake. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa waasisi wa akili bandia ya kisasa, alisema ni wakati wa kuacha kufundisha mabingwa wa radiolojia. Mabingwa bado wanatafutwa kwa tochi. Mojawapo ya kazi ambazo programu hizo zimeidhinishwa kwazo ni nyembamba: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali zitumike badala ya msomaji binadamu kuchuja picha za kifua za kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana kifua kikuu ni chetu. Lakini hata hapo programu husema tu kwamba huyu apimwe makohozi.

Hukumu yangu basi ni hii. Bingwa aruhusiwe hospitali mbili, hata nne, mradi mwajiri wa kwanza awe na orodha yake kwa maandishi na saa zake za umma zibandikwe mahali mgonjwa anapoziona. Kila ripoti iwe na jina la aliyesoma, namba yake ya usajili na saa aliyosoma, iwe imesomwa ghorofa ya juu au nchi nyingine. Ikionekana damu kichwani au utumbo uliotoboka, msomaji apige simu na simu hiyo iandikwe; karatasi iliyotoka kesho yake si ripoti kwa mgonjwa wa namna hiyo. Na serikali inaponunua CT mpya, bajeti hiyo hiyo ionyeshe fedha za kumsomesha au kumlipa atakayeisoma, la sivyo mashine hiyo isinunuliwe mwaka huo. Najua sharti hili la mwisho litawaudhi wengi, hasa wabunge wa majimbo yanayosubiri.

Nawe msomaji wa makala haya, ukipewa bahasha ya picha, usiondoke kabla ya kutazama chini ya ripoti. Kama hakuna jina wala saini, au kuna muhuri mtupu wa kituo, irudishe dirishani uulize nani ameisoma na anapatikana kwa simu ipi. Umelipia jibu hilo pamoja na picha.